Hesabu Iliyowekwa kwa Mama

Karakana ya hospitali
9 Machi

Dada,

Najua ukiuona mwandiko huu utadhani kuna msiba. Hakuna. Mimi mzima, watoto wazima, kazi ni ile ile ya nyaya, feni na spika za korido ya kliniki. Nimeamua kuandika kwa sababu simu siipendi, unajua, na jambo lenyewe nikilitamka kwa mdomo nitaogopa sauti yangu mwenyewe.

Mama anaitwa hospitalini.

Ngoja nianze vizuri. Mwezi wa kwanza yalikufa mabetri yanayoishikilia kompyuta kuu umeme ukikatika. Mapya hayajaletwa, na kwa jinsi ninavyowajua watu wa stoo, tutasubiri. Kwa hiyo siku hizi umeme ukikatika, ile programu yako ya kuwaita wagonjwa nayo inazimika, na umeme ukirudi inajiwasha upya. Tangu uiandike haikuwahi kuzimika hata mara moja.

Siku ya kwanza ilikuwa saa sita mchana. Kliniki za asubuhi zimekwisha, korido tupu, mimi niko juu ya ngazi mbele ya chumba cha mifupa nabadilisha taa. Umeme ukarudi. Spika ya chumba cha macho, kule mwisho kabisa, ikakohoa, halafu ile sauti ya mashine ikaita jina la Mama. Majina yake yote matatu. "Aingie chumba cha macho." Nikasema nimesikia vibaya. Ikafuata spika ya meno: jina lile lile, aingie chumba cha meno. Nikaona linakuja. Likapita juu ya kichwa changu, mifupa, likaenda mpaka mlango wa mwisho, chumba cha moyo. Lilipofika huko mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Ngazi niliishukaje, sijui.

Limenitokea mara tano sasa. Sijamwuliza mtu kama naye amesikia, na wewe unajua kwa nini. Kwenye kumbukumbu za hospitali imeandikwa mpaka leo: saa nne na dakika kumi, chumba cha moyo, ameitwa mara tatu, hakuitika, ameondolewa kwenye foleni. Saa saba Mama akatufia kwenye benchi la kusubiria, na mimi ndiye niliyempeleka. Mtu aliyeshindwa kumsikia mama yake akiitwa mara tatu mbele ya watu, halafu miaka sita baadaye anamsikia peke yake kwenye korido tupu, akianza kuuliza wenzake "mmesikia?" si watamfungia ndani?

Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeiandika. Programu inaweza kumkumbuka mtu? Nijibu bila kunionea huruma. Kama ni masikio yangu au kichwa changu, bora nijue.

Mdogo wako,
Masikio (kama jina hilo bado mnalikumbuka)


20 Machi

Mdogo wangu Masikio,

Tunalikumbuka. Nani atasahau mtoto aliyekuwa anasikia redio ya jirani ina waya uliolegea, akaenda kuitengeneza bila kuombwa, akarudishwa nyumbani kwa kushikwa sikio?

Acha nicheke kidogo, halafu usinikasirikie. Huyo anayeitwa ni kosa langu la ujana, wala si mzimu. Nilipoandika programu ile nilikuwa mgeni kazini, nina miezi minne. Nilihitaji jina lolote la majaribio nione kama spika zinasema, na lililonijia ni la Mama. Nikaliweka. Nikasahau kulitoa. Basi.

Kwa nini linatembea chumba hadi chumba, hilo nalo nitakueleza, wewe si mtu wa kuridhika na "basi". Vyumba vyote vinafanya kazi inayofanana, kwa hiyo hatuandiki maelezo mara nne. Unaandika kitu kimoja cha juu, sisi tunakiita klasi mama. Mimi kwenye faili nilikiita Mama tu, kwa mzaha. Chini yake unaandika watoto: Macho, Meno, Mifupa, Moyo. Mtoto anarithi kila alicho nacho mama yake. Lakini urithi una namna mbili. Kuna vitu kila mtoto anapata chake, na kuna vitu vinabaki kwa mama, kimoja tu, watoto wote wanakitumia. Unaikumbuka saa ya ukutani ya sebuleni? Ilikuwa moja. Siku ulipoirudisha nyuma ili usiende shule mapema, tulichelewa nyumba nzima, hata Baba. Kila mmoja angekuwa na saa yake ya mkononi, ungechelewa peke yako.

Jina la mwisho lililoitwa nililiweka kama saa ya ukutani. Liko kwa Mama. Na nilikiambia kila chumba kikiwaka kirudie jina la mwisho, ili muuguzi ajue alifikia wapi. Programu ikiwaka upya hakuna aliyeitwa bado, kwa hiyo jina lililopo ni lile la majaribio, na watoto wote wanne wanalisoma hapo hapo kwa mama yao. Ndiyo hiyo safari yake ya korido.

Kuliondoa ni rahisi. Ufunguo wa chumba cha kompyuta unao wewe. Fungua faili linaloitwa Mama, mstari wa kumi na nane utaona jina. Lifute, acha zile alama mbili za nukuu wazi, hifadhi, washa upya. Ni kosa dogo, halikumdhuru mtu. Badilisha mstari huo mmoja tu, usiguse kingine chochote.

Lala vizuri sasa. Wasalimie watoto.

Dada yako


Karakana
2 Aprili

Dada,

Ahsante. Barua yako nimeisoma nikiwa nimeegemea mlango wa chumba cha kompyuta, nikacheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Januari. Saa ya ukutani! Fimbo ya Baba bado naisikia kwenye visigino.

Kabla ya kufuta nilitaka kuona kwa macho, unanijua. Nikaenda kwenye kibodi cha meno wakati wa chakula, nikaandika mahali pa jina: Hakuna Mtu. Nikabonyeza. Kweli, skrini zote nne zikageuka. Nikaizima na kuiwasha programu ya chumba kimoja kimoja, na macho wakaita, "Hakuna Mtu, aingie chumba cha macho." Mifupa wakaita hivyo hivyo, moyo hivyo hivyo. Nimegusa mtoto mmoja, amebadilika mama, wamebadilika wote. Nimeelewa sasa.

Muuguzi wa meno akatoa kichwa mlangoni, ana kijiko mkononi. Akaniambia, "Fundi, leo umemfukuza yule mama?"

Nikamwuliza, "Mama yupi?"

"Si yule wa umeme! Kila umeme ukirudi anaitwa na haji. Sisi tumemzoea, tunamwita Mama Umeme. Nilidhani na wewe unamjua, mambo ya spika si yako?"

Dada, nilikaa kwenye benchi nikalia mbele yake. Alidhani nimepigwa na shoti, akaniletea maji ya sukari. Wanasikia wote. Tangu Januari wanasikia wote, na mimi nilikuwa nahesabu siku za kwenda kupimwa akili.

Na kwa kuwa masikio yangu ni mazima, sasa nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu. Siku ile Mama alipokufa sikutoka nje kupokea simu, kama nilivyowaambia. Hakukuwa na simu. Nilikaa na Mama kuanzia saa mbili asubuhi, bega lake limeegemea langu, bahasha ya picha ya kifua iko mapajani kwangu. Sikusogea hata kwenda chooni. Saa sita nilipoona wanaingia watu waliotukuta, ndiyo nikaenda kuuliza, wakanionyesha skrini: ameitwa mara tatu, hakuitika; wakasema turudi mwisho wa foleni. Ningesema nini? Nilikuwepo na sikusikia? Mimi, fundi wa spika zile zile? Nikaona bora niitwe mzembe kuliko kuitwa kichaa, nikasema nilitoka kidogo. Uongo wa sekunde moja. Mama Mkubwa akauchukua akaondoka nao, na wewe siku ya mazishi ukasema uliyoyasema.

Jana nilikaa kwenye benchi lile nikajaribu kukumbuka nilichosikia. Nakumbuka vizuri bwana mmoja wa chumba cha meno. Aliitwa, akaitwa, hakutokea. Mpaka mara sita, Dada. Nakumbuka kwa sababu Mama alinigusa akasema, "Huyo ameshaliona koleo akakimbia, wamwache tu." Ndiyo mzaha wake wa mwisho, nitausahau vipi? Lakini sheria ya programu si kwamba mtu akiitwa mara tatu anaondolewa? Mbona yeye aliitwa mara sita?

Na kuna hili. Muuguzi wa moyo wa siku hizi haiamini kabisa mashine. Kliniki zote nne zikiwa wazi, anasimama mlangoni anaita kwa mdomo. Anasema siku zenye watu wengi mashine "inaruka watu".

Kwa hiyo nakuuliza kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake. Ile hesabu ya miito mitatu, umeiweka kwa Mama, au kila mtoto ana yake?

Ndugu yako,
Masikio


10 Mei

Dada,

Wiki ya sita hii. Barua imepotea, au unaumwa? Jina nimeshalifuta, korido iko kimya. Swali langu ni lile lile moja.

M.


19 Mei

Mdogo wangu,

Siumwi. Barua yako iliwahi, ilifika siku ya sita. Nimeianza ya kujibu mara nyingi mpaka karatasi zimeniishia, hii nimeikata kwenye daftari la kazini.

Hesabu iko kwa Mama. Mstari wa ishirini na mbili, minne tu chini ya ule niliokutuma ufute. Ndiyo maana nilikwambia usiguse kingine.

Ilipaswa kila mtoto awe na yake. Programu ilijaribiwa kwenye chumba kimoja tu, na ukiwa na chumba kimoja huwezi kuona tofauti, saa ya ukutani na ya mkononi zinasema sawa. Vikifunguliwa vyumba vinne, muuguzi yeyote akibonyeza kitufe cha kuita, anaongeza hesabu ile moja kwa ajili ya wote.

Siku ile ilikwenda hivi, nimeifuata hatua kwa hatua. Bwana wa meno aliitwa mara tatu, hesabu ikawa tatu. Kabla muuguzi wake hajabonyeza tena, muuguzi wa moyo akabonyeza amwite Mama. Programu kabla ya kutamka jina huangalia kwanza hesabu. Ikakuta tatu. Ikaamini huyu ameshaitwa mara tatu, ikamwandikia hakuitika, ikamwondoa bila kutoa sauti, ikarudisha hesabu kwenye sifuri. Ndiyo maana yule bwana alipata miito mingine mitatu. Miito aliyoandikiwa Mama ilikuwa ya mtu wa meno.

Mama hakuitwa. Hata mara moja. Ulikuwepo, na ulisikia kila kilichosemwa siku ile. Hakuna kilichokupita.

Geuza ukurasa. Hapa ningeweza kusaini, nawe ungefurahi, na mimi ningeendelea kuwa dada yako mwerevu aliyegundua. Lakini hujaniuliza nimejua lini.

Nimejua miaka sita. Mwezi wa pili baada ya mazishi nilifungua nakala yangu ya zamani, sijui nilikuwa natafuta nini, labda nilitaka kuliona jina lake. Nikateremka mistari minne. Nilielewa kwa muda unaotosha kupepesa macho. Nikafunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo, nikaviosha mara mbili.

Siku ya mazishi nilikusimamisha mbele ya watu nikakwambia, "Kukaa tu, kukaa tu kulikushinda?" Ningeirudishaje kauli ile? Ningesema nini, samahani, aliyemwondoa Mama kwenye foleni ni mimi? Nilijiambia nitaandika wiki ijayo. Kila mwaka ulioongezeka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi, mpaka nikaona rahisi kutokuandika kabisa. Uliposema kwenye barua ya kwanza kuwa labda masikio yako mabovu, nilikuwa na nafasi. Nikakujibu kwa mzaha. Nikaandika "halikumdhuru mtu" kwa mkono huu, nikafunga bahasha nikaenda kula. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Huku nilipo siwezi kusimama kwenye foleni yoyote yenye spika. Benki, posta, popote. Sauti ya mashine ikianza "aingie" natoka nje. Wenzangu wanadhani nina haraka. Na wale wengine walioandikiwa hawakuitika, miaka yote hii, siwajui idadi wala majina. Huwa nawafikiria wakiondoka na vyeti vyao mikononi, wanajilaumu kwa usingizi.

Nyumbani mliojua kwamba programu ile niliiandika mimi mlikuwa wawili, wewe na Mama. Wengine wanajua tu nafanya kazi na kompyuta. Fanya utakavyo na ukurasa huu. Sitakuomba unifiche.

Kutengeneza: kata mstari wa ishirini na mbili kutoka kwa Mama, uuandike ndani ya Macho, Meno, Mifupa na Moyo, kila mmoja wake. Nimekuchorea kwenye karatasi nyingine, iko humu humu kwenye bahasha. Fanya leo, kabla hujanikasirikia, kwa ajili ya watu walioko kwenye mabenchi.

Dada yako


Karakana
1 Juni

Dada,

Nimefanya siku ile ile. Nimebonyeza meno mara tatu, nikaenda kuangalia moyo: sifuri. Nimebonyeza macho mara mbili, moyo bado sifuri. Nimewaeleza wauguzi, na mganga mkuu ameagiza majina yote ya "hakuitika" yatolewe kwenye kumbukumbu, watafutwe wanaoweza kupatikana. Muuguzi wa moyo amesema ataendelea kuita kwa mdomo, na mimi simlaumu.

Sasa nimekasirika.

Nilikwenda kupimwa masikio mara mbili, miji miwili tofauti, ili watu wa hapa wasijue. Mara zote mbili daktari alisema masikio haya ni ya kijana. Ningefurahi, si ndiyo? Nilirudi nimekufa moyo. Kama masikio ni mazima na sikumsikia, basi mbovu ni mimi mwenyewe, kuna kitu ndani yangu kilichochagua kutomsikia mama yangu. Hicho ndicho nilicholala nacho miaka sita. Mama Mkubwa hajanywa hata maji nyumbani kwangu tangu siku ile. Kwenye harusi ya binti yake nilipewa kiti cha nyuma, pamoja na watu wa jenereta. Nilikaa.

Kwa mstari wa ishirini na mbili sikulaumu wewe. Mimi nimeunganisha nyaya vibaya mara ngapi, ni Mungu tu sijaua mtu kwa mkono wangu. Ulikuwa na miezi minne kazini. Kukosea umekosea, yamekwisha. Kinachonikaba ni wewe kunijua nateseka, ukanijibu barua kwa kunichekesha. Na mimi nilicheka, Dada. Niliegemea mlango nikacheka.

Jumamosi Mama Mkubwa yuko kwa binti yake hapa mjini. Nitakwenda na barua yako nimsomee, mbele ya wote watakaokuwepo.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

M.


16 Juni

Mwanangu mpendwa,

Mimi Mama yako Mkubwa, naandika mwenyewe, miwani iko puani, kwa hiyo uvumilie mistari inayopanda mlima. Haya si ya kumwagiza mtu aniandikie.

Mdogo wako alikuja Jumamosi. Nilimwona getini nikataka kuingia chumbani kama kawaida yangu, akasema, "Mama Mkubwa, leo kaa." Hajawahi kunisemesha hivyo. Nikakaa. Akatoa barua yako akatusomea. Kusoma kwake unakujua, kama anaapishwa, lakini kila neno tulilisikia. Ile habari ya mtu wa meno aliyeitwa mara sita, na mdogo wangu akatania koleo. Nilicheka mwanangu, halafu nikalia, maana yule ndiye mdogo wangu kabisa, alikuwa anatania hata kwenye kitanda cha kujifungua. Alipofika pale uliposema Mama hakuitwa hata mara moja, binti yangu alipiga ukelele jikoni.

Ukurasa mmoja hakuusoma. Aliugeuza, akautazama kidogo, akaukunja akautia mfuko wa shati. Akasema huo ni mambo ya namba na michoro, hatutaelewa. Nikamwambia sawa, mimi hata remote ya televisheni inanishinda.

Miaka sita nimemnunia mtoto wa watu. Nimemnyima salamu, nimemwita mlevi wa simu mbele ya wakwe zake. Nikanyanyuka pale pale nikaenda naye kwake kwa miguu, jua la saa nane, nikaomba maji. Nimekunywa glasi mbili. Mkewe alisimama mlangoni analia, nikamwambia lete ya tatu. Nimemshika mkono nikamwomba radhi, na yeye akawa ananiomba radhi mimi, tukawa kama vichaa wawili.

Mwanangu, wewe ndiye uliyemtoa mdogo wako kaburini. Nimekuombea dua kila siku tangu Jumamosi. Nilisema siku zote, huyu msichana hakusoma bure.

Lakini moyo wangu haujatulia, nikufiche? Mashine haijiandiki. Kuna mtu aliketi kwenye kiti akaandika kitu kile. Nimemwuliza mdogo wako ni nani, akasema kampuni ilikufa, watu wake walitawanyika, tuliache. Mimi siliachi. Mtu yule anakula, analala, hajui hata kama tulizika. Au anajua, na hilo ni baya zaidi. Nimemwombea kitu kimoja tu, na nimekiomba nikiwa na udhu: kila atakapoitwa jina lake, popote alipo, asikie kwanza la mdogo wangu. Mpaka aje hapa, asimame mbele yangu, aniambie kwa mdomo wake.

Nyie watu wa kompyuta mnajuana. Nitafutie jina lake.

Mama yako Mkubwa


24 Juni

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimeipata barua yako. Nimekatazwa kumwandikia mdogo wangu, kwa hiyo sijui kama ataniruhusu kusema haya. Sitamwuliza. Ukurasa alioutia mfukoni si wa namba wala michoro. Mwambie nimesema akusomee, na akikataa, usimlazimishe, utayasikia kwangu.

Aliyeandika kitu kile ni mimi. Mdogo wangu anajua, amekuficha kwa ajili yangu, na sikumwomba. Nilijua kosa langu mwezi wa pili baada ya kumzika Mama, nikanyamaza, nikakuacha umnunie yeye.

Dua yako imepokelewa kabla hujaiomba. Ni miaka sita sasa; hata jana kazini waliniita jina langu mara mbili, nikasikia la Mama, sikugeuka.

Nakuja Jumatano kwa gari la asubuhi. Nitafika hapo saa nane. Nitasimama getini mpaka useme niingie.

Binti yako